Udhuru wa Timu

CHAMA CHA MASHABIKI WANAOSUBIRI, LIMOILOU, JIJI LA QUEBEC

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MWAKA CHA 30, KILICHOFANYIKA JUMAPILI TAREHE 2 NOVEMBA 2025 KATIKA CHUMBA CHA CHINI CHA KANISA LA PAROKIA

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Ghislaine Falardeau – Mwenyekiti
2. Bw. Rosaire Guimond – Katibu
3. Bw. Yvon Dessureault – Mjumbe
4. Bi. Lucille Cantin – Mjumbe (nafasi ya marehemu mumewe)
5. Bi. Marielle Asselin – Mjumbe (nafasi ya marehemu baba yake)

WASIOHUDHURIA KWA UDHURU
1. Bw. Paul-Aimé Boutet – amefanyiwa upasuaji wa goti
2. Timu – tazama KUMB. NA. 3/2025 na 6/2025

MAREHEMU TANGU KIKAO KILICHOPITA
1. Bw. Armand Cantin, mwanzilishi – 11 Februari 2025

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika tano mchana. Alikumbusha kwamba saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja usiku wa kuamkia siku hiyo, kama ifanyikavyo kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na kwamba saa ya ukutani ilikuwa bado haijarudishwa, hivyo isifuatwe. Bw. Dessureault alisema maneno hayo yangemfaa jana. Kwa kuwa hakuirudisha saa yake, alikuwa amefika saa nzima kabla ya wenzake na kukaa peke yake na koti mwilini, kwa kuwa joto la chumba huwashwa saa nane kasoro robo. Mwenyekiti alimpa pole. Bw. Dessureault alijibu kwamba pole haipashi miguu.

Wajumbe walisimama dakika moja kumkumbuka Bw. Armand Cantin. Mwenyekiti alieleza kwamba, kwa vile siku hiyo ilikuwa ya Marehemu Wote, padre alikuwa ameshalitaja jina lake kwenye misa ya asubuhi. Katibu ameona vema iandikwe kwamba Bw. Dessureault naye alisimama.

KUMB. NA. 2/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa baada ya sahihisho moja. Palipoandikwa "supu ilikuwa ya moto", Bi. Cantin alisema supu hiyo ya njegere aliipika yeye, na haikuwa ya moto, kwa kuwa Bw. Boutet aliichelewesha kwa hotuba. Ilisahihishwa.

KUMB. NA. 3/2025: UDHURU WA TIMU

Kwa kuwa hiki ni kikao cha pili tu kwa Bi. Asselin, Mwenyekiti alieleza asili ya jambo hili. Timu, yaani timu ya hoki ya barafu ya jiji hili, ilipouzwa mwezi Mei 1995 na kuhamishiwa kwenye milima ya Marekani, ambako ilitwaa kombe katika msimu wake wa kwanza, waanzilishi wa chama walikataa kuandika kwamba imeondoka. Waliandika kwamba haikuhudhuria. Lakini Kanuni ya 4 inasema asiyehudhuria vikao bila udhuru ataondolewa kwenye orodha. Ndipo Bw. Armand Cantin alipojitolea kuleta udhuru kwa niaba ya Timu, na aliuleta kila mwaka, isipokuwa 2020 ambapo kikao hakikufanyika kwa sababu ya korona.

Kwa ombi la Bi. Asselin, Katibu alisoma baadhi ya udhuru huo kutoka kwenye jalada. Mwaka 1996: "Timu ilikwenda kuchukua kombe, inatafuta gari la kulirudishia." Mwaka 2004, ligi nzima ilipofungwa kwa mgogoro: "Leo hata wao hawana pa kucheza, tuwaonee huruma." Mwaka 2015, ukumbi mpya ulipofunguliwa: "Timu inasubiri rangi ikauke." Mwaka 2024: "Timu iko njiani, ila kuna ukungu." Wajumbe walicheka. Bi. Cantin hakucheka.

Mwenyekiti aliuliza mara tatu kama yupo aliyeleta udhuru wa Timu mwaka huu. Hakuna aliyejibu. Aliagiza agenda hii iachwe wazi, na wajumbe waendelee.

KUMB. NA. 4/2025: HALI YA HOKI YA BARAFU YA KULIPWA

Taarifa ilitolewa na Bw. Dessureault, ambaye kwa miaka kumi na saba aliendesha mashine ya kulainisha barafu katika ukumbi wa zamani. Aliomba radhi kwamba taarifa ni fupi. Ilichukua dakika hamsini. Katibu ameandika yaliyo muhimu.

Alisema barafu ya siku hizi ni ya kupigwa picha. Kwenye televisheni inaonekana nyeupe, lakini ikifika kipindi cha tatu ni uji, na kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kinarukaruka kama chura. Sababu yake ni kwamba ligi imepeleka timu katika miji ambayo watu wanavaa kandambili mwezi Januari. "Barafu hailazimishwi," alisema. "Huku kwetu ipo bure miezi mitano. Tunaizoa kwa makoleo, tunaitukana, tunaimwagia chumvi. Na timu hatuna."

Alisema wachezaji wamebandikwa matangazo kifuani na kwenye kofia, na mbao za kuzunguka uwanja nazo zinabadilika picha wakati mchezo unaendelea, hata ukuta unacheza kuliko wachezaji. Alisema mtangazaji hamwambii tena mtu nani kapiga na kwa mkono gani, anamwambia aweke dau. Alisema waamuzi hutazama marudio ya picha dakika tano nzima kuona kama ncha ya kiatu iliotea. "Dakika tano mimi nilikuwa nalainisha nusu ya uwanja. Wao wanatazama kiatu kimoja, utadhani kesi ya mauaji." Juu ya utaratibu wa kuipa pointi moja timu iliyofungwa katika muda wa nyongeza, alisema: "Mimi nimefungwa maisha yangu yote. Pointi zangu ziko wapi?"

Bi. Asselin aliomba kutofautiana na mtoa taarifa. Alisema mchezo wenyewe haujawahi kuwa mzuri kama sasa. "Mzee Dessureault, vijana wa leo wanateleza kama wamezaliwa na vyuma miguuni. Na hao wababe wenu wa zamani waliokuwa wanapigana ngumi, wangapi leo wanakumbuka majina ya watoto wao?" Bw. Dessureault alisema hilo ni kweli, na kwamba damu ni ngumu sana kuitoa kwenye barafu.

Bi. Asselin aliongeza kwamba mwezi Januari ligi ya wanawake ilileta mechi katika ukumbi mpya na watu walijaa.

"Mechi ngapi?" aliuliza Bw. Dessureault.

"Moja."

"Moja."

"Ni nyingi kuliko za kwenu, mzee."

Mwenyekiti aliomba utulivu. Aliuliza kama taarifa ina pendekezo lolote. Bw. Dessureault alisema haina. Alisema angependa tu, kabla hajafa, aingize mashine uwanjani kati ya vipindi viwili, watu elfu kumi na tano wakiwa wanangoja, na asiharakishe. Taarifa ilipokelewa.

KUMB. NA. 5/2025: HOJA YA BI. LUCILLE CANTIN

Bi. Cantin aliwasilisha hoja kwamba jina la Timu litolewe katika orodha ya wasiohudhuria na liandikwe katika orodha ya marehemu.

Alieleza kwamba tarehe 1 Desemba anahamia katika nyumba ya wazee. Chumba chake kitatosha kitanda, kabati na kiti kimoja cha kawaida. Nyumbani kwake, jikoni, kipo kiti cha Armand kilichotolewa katika ukumbi wa zamani, Safu K namba 14, cha chuma na mbao, kilichofungwa sakafuni kwa bolti nne. Kanuni ya 6 inasema kila kiti kitatunzwa na familia ya mwanachama mpaka Timu itakaporudi. Kwa hiyo aliomba Timu itangazwe kuwa imekufa, ili naye aruhusiwe kuhama.

Mwenyekiti alisema kanuni inaweza kulegezwa kwa ajili ya kiti kimoja bila kumuua mtu. Bi. Cantin alijibu kwamba kiti ni kisingizio tu. Maneno yake, kama Katibu alivyoyaandika: "Armand alikuwa hospitali tangu Januari. Kila mwaka huanza kuutafuta udhuru mapema, anaujaribu kwangu kwanza, nikicheka anauandika. Safari hii aliniambia, Lucille, mwaka huu sina. Mtu akifa tunamwombea, tunamzika, tunakula, tunarudi nyumbani. Hii hatujaizika. Miaka thelathini natandika meza ya mtu asiyekuja. Nimechoka, Ghislaine."

Bi. Asselin alipinga hoja. Alisema Timu ilipoondoka alikuwa na miaka minne, hakumbuki mechi hata moja, anakumbuka tu baba yake akizima redio na kubaki ameitazama. "Mkiizika leo, nitakuwa nimefiwa na mtu nisiyewahi kumwona."

Bw. Dessureault alipinga hoja. Alisema Timu isizikwe kwa sababu ya mtu ambaye mwenyewe aliisaliti. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Hakufuta. Alisema wote wanajua kwamba mwezi Februari 2013 Armand Cantin aliaga kuwa anakwenda Montreal kwa daktari wa meno, na jioni hiyohiyo yeye Dessureault alimwona kwenye televisheni, amekaa katikati ya mashabiki wa Montreal, mahasimu wa Timu tangu zamani, amefumba macho kama paka juani. Katibu, ambaye huandika shajara yake kila siku, aliombwa kuthibitisha, na alithibitisha kwamba Bw. Dessureault alimpigia simu katika mapumziko ya kipindi cha pili na kutumia maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Tangu siku hiyo hadi kifo cha Bw. Cantin, wawili hao hawakusemezana, ingawa walikaa meza moja katika kila kikao.

Bi. Cantin alisema kwamba jino lilikuwapo. Kisha alisema: "Alikwenda kusikiliza, Yvon. Makali ya viatu yakikata barafu, kile kisahani kikigonga mbao. Alisema kwenye televisheni sauti haiji sawasawa. Alifumba macho ili asizione jezi zao. Alilipa kiti ili asione kitu."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini marehemu hakulisema hilo mwenyewe. Bi. Cantin alisema alikuwa anangoja aulizwe.

Kabla ya kura, Mwenyekiti alimwomba Katibu asome aliyoandika kuhusu mechi ya mwisho iliyochezwa nyumbani. Katibu alisita, kwa kuwa shajara si jalada la chama, kisha alisoma: "Jumapili 14 Mei 1995. Sikukuu ya akina mama. Tumeshinda. Kutoka ukumbini tumeimba mpaka kituo cha basi. Armand kasahau skafu yake chini ya kiti, anasema ataichukua mechi ijayo."

KUMB. NA. 6/2025: KURUDI KWENYE KUMB. NA. 3/2025

Bw. Dessureault aliomba, kabla kura haijapigwa, agenda iliyoachwa wazi irudiwe. Mwenyekiti alisema utaratibu hauruhusu. Bi. Cantin, kama mtoa hoja, alisema hana pingamizi.

Bw. Dessureault alisimama na kuvua kofia. Alisema yeye si msemaji kama marehemu, na kwamba ameambiwa na Timu maneno machache tu. Alisema: "Leo nilifika hapa saa nzima kabla ya watu. Nilikaa pale na baridi, nikawalaani wote, nikasema hawa hawaji tena. Kumbe hamkuwa mmechelewa. Mimi ndiye niliyewahi. Basi Timu inasema hivyo hivyo, shemeji. Haijachelewa. Sisi tumewahi."

Katibu anaweka katika kumbukumbu kwamba Bw. Dessureault hakuwa amemwita Bi. Cantin shemeji tangu mwaka 2013.

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Cantin kama udhuru upokelewe. Bi. Cantin alisema Armand angeucheka, kisha angeuandika. Aliondoa hoja yake. Udhuru ulipokelewa bila kura.

KUMB. NA. 7/2025: MENGINEYO

(a) Bi. Cantin alisema kiti bado kipo jikoni. Ilielezwa kwamba Bw. Dessureault ndiye mjumbe pekee asiye na kiti, kwa kuwa siku za mechi alikuwa akisimama langoni karibu na mashine. Alipoulizwa kama atakipokea, alisema miaka kumi na saba aliitazama Timu akiwa amesimama, na magoti yake si yale. Ilikubaliwa. Ataleta mwenyewe spana ya kufungulia bolti siku ya Jumamosi. Bi. Cantin alisema atapika supu, na safari hii italiwa ikiwa ya moto.

(b) Katibu alikumbusha kwamba kikao kijacho kitakuwa Jumapili tarehe 1 Novemba 2026. Bi. Cantin aliomba jina lake liandikwe mapema katika orodha ya wasiohudhuria kwa udhuru, kwa kikao hicho na vyote vitakavyofuata. Mwenyekiti alisema nyumba ya wazee iko umbali wa vituo sita tu vya basi, na Bi. Asselin alijitolea kumfuata kwa gari. Bi. Cantin alishukuru. Mwenyekiti alimuuliza basi udhuru wake uandikwe ni upi.

Alisema: "Andikeni kwamba mimi nimeshasubiri."

Udhuru ulipokelewa.

KUMB. NA. 8/2025: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika kumi jioni. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika kumi. Mwenyekiti alipanda kitini ili airudishe nyuma. Bw. Dessureault aliomba iachwe ilivyo, na iliachwa.

Zimesainiwa:

G. Falardeau, Mwenyekiti ……………………

R. Guimond, Katibu ……………………