Mama Bado Anaisalimia Figo Yako

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila sijawahi kuanza kuongea na wewe kwa namna nyingine.

Nimechoka, kaka. Nakwambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia wanaogopa, wanaanza kuniangalia miguu kama imevimba. Wewe ungesema, "Kalale basi, dunia haikimbii," halafu ungekata simu.

Tangu tukuzike Kishapu, mama amehamia kwangu hapa Kambarage, Shinyanga. Sikumwita. Alishuka na begi lake na kuku wawili, akasema shamba litamsubiri. Nilidhani amekuja kunifariji mimi, kumbe amekuja kwako. Kila asubuhi, kabla sijaenda kufungua saluni, ananiwekea kiganja hapa chini ya tumbo upande wa kulia, pale walipoipandikiza figo uliyonipa, na kusema, "Mwangaluka, Maduhu." Anakuamkia kwa Kisukuma vilevile kama ulipokuwa unaamka nyumbani. Kisha anasubiri. Siku ya kwanza sikuelewa anasubiri nini, nikaitikia mimi, "Mwangaluka, mayu," mama yangu. Akatabasamu, akaenda kuwasha jiko. Basi kuanzia hapo kazi ya kukuitikia ni yangu. Mimi mwenyewe haniamkii. Ananipita tu na ndoo ya maji kama mgeni wa mpangaji anayempita mwenye nyumba.

Kidogo nakulaumu. Uliponipa figo nilijua umenipa uhai, nikakushukuru mpaka ukanikataza. Hukuniambia kwamba ukifa, mama atakutafuta kwenye ngozi yangu. Na ulivyokuwa mbishi! Daktari alikuomba uachane na kazi nzito, wewe ukarudi Geita duarani, kwenye shimo la machimbo. "Dhahabu haiulizi mtu ana figo ngapi," ulinijibu, ukacheka peke yako. Mvua ikanyesha, duara likatitia na wewe ukiwa chini. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari na wazee wakakataza lisifunguliwe. Mama hakukuona. Mimi sikukuona.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Vipimo vyangu vya damu vilianza kuharibika. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo yako nameza kila siku bila kukosa, chumvi nimeisahau, na bado. Wakanipiga ultrasaundi, hawakuridhika. Daktari wa Mwanza akasema kabla hawajaichoma sindano na kukata kinyama cha kupima, nipite kwanza kwenye MRI. Ni mashine ya sumaku, inaonyesha damu inavyoingia kwenye figo na sehemu zipi zinafanya kazi. Alisema hatanichoma ile dawa ya kung'arisha picha, isije ikailemea.

Nilimwambia mama nakwenda kupigwa picha za figo. Akauliza, "Picha za Maduhu?" Nikaitika tu. Akanifungia michembe ya njiani, viazi vyake vile vya kukausha.

Kule nilivua hereni, vibanio vya nywele, kila chenye chuma. Wakanilaza kwenye kitanda kinachoingia ndani ya tundu, nikafikiria ulivyokuwa ukishuka duarani. Hiyo mashine ina kelele, kaka. Inagonga kama karasha lile la kusagia mawe ulilonipeleka kuliona Geita, tukashindwa kusikilizana siku nzima. Katikati ya kelele sauti ya kijana wa mashine inaniambia nivute pumzi, nibane, nisitikisike. Nikashindwa. Akarudia, nikashindwa tena, nikaanza kulia. Akasema kwa upole kwamba picha zinatikisika, tupumzike kidogo.

Hapo ndipo nikakukumbuka kwenye lambo la ng'ombe, tunashindana kuzama. Mimi naibuka kwanza kila mara, nimejaa tope puani, na wewe unanifundisha. "Ukihesabu utashindwa, Nyamizi. Fikiria chakula." Basi nikafikiria michembe ya mama iliyochemshwa na karanga. Niliiwaza ile sufuria mpaka mvuke wake, mpaka ugomvi wetu wa ukoko. Nikabana pumzi mpaka kijana akasema imetosha.

Daktari akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Figo zangu za kuzaliwa zimesinyaa huko mgongoni, hata sikuzijali. Yako ipo mbele, kubwa, imelala upande wake. Nilikaa naiangalia. Hatukukuona ulipoletwa, na sasa upo pale, umetulia, mwanga unapita juu yako. Nilitaka kukuamkia mbele ya daktari. Yeye akaweka kidole sehemu ya chini, akasema hapa damu inafika kidogo sana, pamekuwa na kovu, na palipobaki panafanya kazi ya pote. Watabadilisha dawa. Inaweza kwenda miaka, inaweza isiende. Ikigoma, nitarudi kwenye ile mashine ya kusafisha damu.

Njia nzima ya kurudi Shinyanga niliwaza nitamwambia nini mama. Ningeweza kudanganya, unanijua. Lakini nilikuwa nimechoka hata kutunga uongo. Nilimkuta mlangoni. Hakuuliza daktari kasemaje.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mayu."

"Yukoje?"

Kaka, nilitafuta neno jingine, sikulipata. "Amechoka," nikamwambia.

Akaketi palepale kizingitini. Nilimweleza yote, lile kovu, damu, na kwamba inaweza kufika siku ikasimama. Nilimwambia nikilia kwamba nimejitahidi kukutunza. Alichambua mchele kwenye ungo mpaka ukawa hauna hata chuya, na bado akaendelea kuchambua. Nilijua nimemfanya akuzike mara ya pili.

Leo asubuhi alikuja kama kawaida. Nikapandisha blauzi, nikasubiri kiganja. Akaishusha blauzi yangu, akaninyoosha kola, akanishika mashavu kwa mikono yake yote miwili yenye harufu ya moshi.

"Mwangaluka, Nyamizi."

Nimekuitikia wewe asubuhi zote hizi, kaka, leo salamu yangu mwenyewe ikanishinda. Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto na yeye akanikumbatia, saluni ikafunguliwa wakati wateja wameshanuna.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Usijikaze kwa ajili ya mama, ameshaelewa. Fanya kazi kadiri unavyoweza humo ndani, na mimi nitameza dawa kwa wakati wake, nitakunywa maji, nitarudi Mwanza kila wakiniita. Siku ukisema basi, sitakunung'unikia. Mama atasikia kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote, nakuahidi.

Lala sasa, kaka yangu. Dunia haikimbii. Kesho akiniamkia, nitaitika.

Mdogo wako,
Nyamizi