Aliyempigia Mama Simu Siyo Mimi

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, vyombo vya mchana bado viko kwenye beseni.

Mpendwa mdogo wangu,

Basi kama nilivyokuwa nakwambia jana kabla simu haijakatika, mimi sikumwambia mtu yeyote. Sijui ulikuwa mtandao au kilikuwa kidole chako, lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimefika kwenye "hebu nisikilize", nikasikia tuu, tuu, tuu. Nikaona bora niandike. Barua haina kitufe cha kukatia.

Lakini salamu kwanza, nisije nikafanana na hao watu nitakaokueleza. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto je, na yule kitindamimba ameacha kunyonya kidole? Kifua chako na hiyo baridi ya huko kinaendeleaje? Sisi huku tupo. Goti langu linanisumbua ila mdomo mzima, kama unavyonijua. Mama anakula kidogo. Wifi anajikaza. Kibanda cha Kaka hatujakifungua tangu tumzike. Baiskeli za watu zimo ndani zinamngoja fundi, na wenyewe wanapita tu nje, wanaona haya kuzidai.

Najua mnaniita Redio Mbao. Sikatai, habari ikifika kwangu haikai. Ndiyo maana wewe na Mama hamkujiuliza mara mbili. Lakini siku aliyokufa Kaka nilinyamaza, mdogo wangu. Siku moja hiyo, na ndiyo mliyonishitakia.

Ilikuwa hivi. Muuguzi alipotufunulia lile pazia, mimi na Wifi tulitoka mpaka kwenye sinki la kunawia mikono, pale mwisho wa wodi, tukakubaliana. Mama ana presha, asiambiwe kwa simu. Twende nyumbani, tumkalishe chini, Wifi amshike mkono, mimi niseme. Akishatulia ndipo tukupigie wewe. Nikaizima simu yangu nikaitia chini kabisa ya mkoba, maana najijua. Njiani tukakutana na fundi cherehani, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia hajambo kidogo. Muuza mboga naye akauliza, nikamjibu vilevile, hajambo kidogo. Fikiria, mimi huyu, namsemea maiti hajambo, na Wifi pembeni yangu anatafuna ncha ya mtandio asitoe sauti.

Kufika nyumbani, Mama amekaa kizingitini, amevaa viatu, simu iko mapajani. Hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu amekufa, na wewe umeona wa kuwaambia ni wauza majeneza."

Na simu yangu bado iko chini ya mkoba, imezimwa.

Kumbe alikuwa amepigiwa. Mwanamume ana sauti ya adabu kabisa, anampa pole, papo hapo anaanza kumtajia bidhaa: tuna majeneza ya mbao ngumu, tuna ya mbao laini, tunaosha, tunavalisha, gari lipo tayari linangoja neno lenu tu. Mama akamwambia, baba umekosea namba, mwanangu jana kanywa uji wote. Yule akamwambia, hapana mama, sijakosea, ni yule fundi baiskeli wa wodi ya wanaume, kitanda cha mlangoni. Yaani anabishana na mzazi. Mzazi anasema mtoto wangu mzima, muuza jeneza anasema amekufa, na wanavutana hivyohivyo kwenye simu mpaka Mama akakubali. Ukiwaza hapo utulie kwanza ndiyo uendelee kusoma, mimi mwenyewe nimeweka kalamu chini.

Mama akamuuliza, nani amekupa namba yangu? Akajibiwa, "Ndugu yenu wa karibu ndiye aliyetutumia."

Ndugu wa karibu. Sasa katika nyumba hii likitajwa neno la ndugu aliyesema, macho yatamgeukia nani? Mama akakupigia wewe analia, wewe ukanipigia mimi ukanitukana, nami sikujibu kwa sababu ya msiba. Tangu siku ile Mama hakunisemesha. Akitaka chumvi, nipo naye palepale jikoni, anamwambia Wifi, "Mwambie huyo anipe chumvi." Tumemzika Kaka hivyo, Mama upande ule, mimi upande huu.

Na hao watu hawakukoma. Hatujamaliza hata kupanga nani alale wapi, tukakuta mahema yanashushwa uani. Nani kayaagiza? Hakuna. Wanasema tutapatana baadaye. Akaja wa mashada ya maua, akaja wa kupiga picha za video, akaja mmoja na fulana zenye sura ya Kaka, ile picha anacheka mdomo umejaa ubwabwa kwenye harusi yako. Wameitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Gari lao la maiti likaegeshwa getini tangu asubuhi, jirani hawezi kutoa mkokoteni wake, na dereva amelala ndani, miguu kaitoa dirishani. Nikamwendea nikamwambia, wewe, maiti wetu ana gari lake, ondoa hili. Akanijibu bila kufumbua macho, "Mama, hamjui, mnaweza kubadili mawazo." Kama tumekwenda dukani kuchagua kitambaa.

Basi tukazika, kwa jeneza alilotutengenezea seremala wa mtaani, rafiki yake Kaka, na nikadhani yamekwisha. Thubutu.

Alhamisi iliyopita akaja mwingine. Suti nyeusi, tai, viatu vinang'aa, amebeba albamu ya picha za makaburi yaliyojengewa marumaru. Wifi akamkaribisha akidhani katoka kazini kwa nani huko, kaja kutoa pole. Akakaa sebuleni, nikampa chai, Mama yuko kwenye kiti chake anasikiliza. Bwana Suti akafungua albamu, hili lina nguzo, hili lina sehemu ya picha, hili ukilimwagia maji linarudi jipya. Mara akamtupia Mama jicho, akainama kwangu, akashusha sauti, lakini si ya kutosha. "Na bibi naye mnaweza kumwandalia mapema. Wenye busara wanafanya hivyo. Anachagua mwenyewe angali na nguvu."

Nilitaka kummwagia ile chai. Wallahi birika nilikuwa nalo mkononi. Mama akatikisa kichwa kidogo tu, nikaliweka.

Hapo ndipo simu ya Bwana Suti ikalia. Ni simu mbovu, haisikiki ukiiweka sikioni, kwa hiyo aliilaza mezani akaitoa sauti yote nje, mikono yake bado imeshika ile albamu. Na mdogo wangu, sauti iliyotoka pale niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ilikuwa ya yule mhudumu anayesukuma vitanda wodini, tuliyembandika jina la Asali. Ndiye aliyembeba Kaka mgongoni lifti ilipoharibika. Mama alimwombea dua kwa kumshika kichwa.

Asali anasema, "Bosi, yule dereva wa lori wa dirishani ameondoka sasa hivi. Andika namba ya mkewe. Ukimpigia sema umepewa na ndugu, usije ukanitaja. Kama tulivyofanya kwa fundi baiskeli."

Bwana Suti akaikata simu haraka, akacheka kile kicheko cha mtu aliyekanyaga kinyesi mbele za watu.

Nikakumbuka. Kaka alipolazwa, simu ya Wifi ilikuwa kwa fundi simu, akawapa watu wa wodini namba ya Mama. Ndugu wa karibu ndiye huyo Asali, anavaa sare ya bluu na anapokea dua za wazee.

Nilimtazama Mama tu. Mama hakunitazama mimi, alikuwa anamtazama mwenye suti. Akamuuliza, "Huyo mke wa dereva ameshaambiwa na watu wake?"

Yule akasema, "Mama, hiyo siyo kazi yetu. Sisi tukichelewa wenzetu wanatuwahi."

Mama akanyanyuka polepole, na unajua siku hizi anavyonyanyuka, kwanza mkono mmoja, halafu mwingine. Akaichukua ile simu mezani kana kwamba anaondoa kikombe, akaitumbukiza kifuani, ndani ya blauzi, pale ambapo hakuna mwanamume mwenye adabu atakayepafuata. Akamwambia Wifi, "Nenda hospitali. Mtafute muuguzi mkuu, mwambie mke wa dereva asiachwe aambiwe na hawa." Wifi hakuuliza, alivaa kandambili zangu kwa haraka, moja ya kushoto na nyingine ya kushoto.

Kisha Mama akarudi kwenye kiti chake, akanigeukia. Mimi. Siyo "mwambie huyo". Akasema, "Ongea naye."

Mdogo wangu, niliongea. Sijawahi kuongea hivyo tangu nizaliwe. Nilianza na goti, lilivyoanza, daktari wa kwanza alisema nini, wa pili alibisha nini. Nikaenda kwa mwenye nyumba wangu wa zamani na kesi ya bomba. Bwana Suti anasema, "Dada, naomba simu yangu niende," nami namwambia, "Kunywa chai mwanangu, hatujafika hata kwenye ndoa yangu ya kwanza." Akisimama, namshika kiwiko, namkalisha, namuuliza kwao ni wapi, mama yake yuko hai? Akasema yuko hai. Nikamwambia vizuri sana, tuanzie hapo, na huyo mama yako siku akipigiwa simu na mtu asiyemjua atapigiwa akiwa anafanya nini? Anachambua mchele? Yuko bafuni? Yuko peke yake? Yule bwana akatazama viatu vyake.

Nikambana kwa maneno mpaka akaanza kunijibu mwenyewe. Akasema wao wako wengi, kila mmoja ana mtu wake ndani, wodini, mochwari, getini, na anayepiga wa kwanza ndiye anayekula. Akasema kuna familia wanashukuru, kwa sababu wamechanganyikiwa na hawajui pa kuanzia. Nikamwambia ndiyo hivyo hasa, mnawakamata wakiwa wamechanganyikiwa, wakizinduka mmeshawauzia. Unataka kuuza jeneza, andika kibao barabarani, tutakuja kwa miguu yetu. Hakuna asiyejua kwamba jeneza linahitajika. Nikamwongezea chai.

Jua linazama Wifi akarudi. Muuguzi mkuu alimsikiliza. Mke wa dereva wa lori alifika na shuka safi za kubadilisha, wakamwingiza kwenye chumba cha wauguzi, wakamngoja dada yake afike, ndipo wakamwambia. Wifi alikuwa nje ya mlango. Anasema yule mke alilia sana, lakini alilia akiwa ameshikwa.

Mama akaitoa ile simu kifuani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Bwana Suti akaondoka. Albamu aliisahau, Mama amekataa picha hizo kukaa ndani, nimelifunika nayo pipa la maji.

Asali bado anasukuma vitanda. Muuguzi mkuu kasema wanafuatilia. Mimi nimekwishamfuatilia kwa namna yangu, sasa sokoni hakuna asiyejua sauti ile ni ya nani, na hilo nalitangaza kwa raha zangu.

Mama hakuniomba radhi, mzazi ataanzaje. Usiku ule alinitazama akasema, "Koo limekukauka." Nikasema ndiyo. Akanimiminia chai ya mwisho kwenye birika, ya baridi, sukari yote imekaa chini, nikainywa.

Basi nawe umeshasikia. Kama huniamini mpigie Mama, lakini mpigie kwa upole. Nami ukinipigia, niache nimalize.

Nisalimie Shemeji, na mama mkwe wako mwambie dawa ya miguu aliyonipa imesaidia kidogo. Watoto uwabusu wote, mkorofi umbusu mara mbili. Wifi anakusalimu, na yule seremala anasema hajasahau kwamba ulimcheka kwenye

Ngoja. Mama anaita kutoka barazani. Kuna mtu kashuka kwenye gari na begi la karatasi na tai shingoni, na Mama anasema, "Yuko wapi dada mtu, aje aongee na huyu." Naenda. Mungu akulinde huko uliko na akutunzie simu yako. Ni mimi, dada yako nikupendaye hata ukiwa umenun