Keki Ililala: Kwa Mama yetu Sperancia Kemirembe wa Nyakatuntu

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu utuache na keki ikiwa bado motoni. Ilikuwa siku mbili kabla ya Noeli. Uliketi kwenye kigoda chako nje ya jiko, ukaegemea ukuta, na hukuinuka tena. Moyo, walisema hospitalini. Sisi tulidhani umechoshwa na watoto.

Maana uliwapenda watoto, tena kwa kelele. Kila Majilio, Noeli ikikaribia, kibanja chako kiligeuka karakana. Wajukuu kutoka Songambele na Igurwa, pamoja na watoto wa jirani wasiokuhusu, wote waliketi chini ya migomba wakisuka nyota za magome makavu ya migomba na kufinyanga ng'ombe na kondoo wa udongo kwa ajili ya pango la Noeli. Kondoo akitoka na miguu mitatu ulisema, "Huyu katoka mbali, mwacheni apumzike." Hakuna kilichotupwa. Pangoni kwako kulikuwa na kuku, mbwa, na mwaka mmoja hata pikipiki. Katekista alipouliza, ulimjibu kwamba mamajusi nao ni watu, wanachoka kutembea.

Na keki, je? Hukuwahi kuwa na oveni wala hukuitamani. Sufuria kubwa, jani la mgomba lililobabuliwa motoni likatandikwa ndani, ndizi mbivu zilizopondwa, mayai ya kuku wetu, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kisha amri yako, ambayo watoto wote wa ukoo huu huijua kabla hawajajua Baba Yetu: "Asifunue mtu. Ikifunuliwa mapema italala." Keki iliyonywea katikati wewe uliiita iliyolala. Tulicheka na kuizoea. Hatukujua neno hilo litakuja kututesa.

Siku ile ulimweka Joviana, binti wa mdogo wangu Pastory, alinde sufuria. Alikuwa na miaka mitano. Ndiye aliyekuja kutuita shambani: "Bibi kalala, haamki." Tukaja mbio. Jioni katekista alisimama uani akatangaza, "Mama yetu Sperancia amelala katika Bwana." Na kila aliyekuja kutupa pole alimwambia mtoto hivyo hivyo, kwa huruma: Bibi amelala.

Tangu hapo, Mama, nyumba yako inaogopa. Nasema nyumba kwa sababu naona aibu kusema mimi.

Kwanza tulidhani ni utundu. Tata, mumeo, alipojinyoosha kwenye benchi baada ya chakula cha mchana kama alivyozoea, Joviana alikuja kumvuta sikio. "Babu, usilale." Babu akafumbua macho, akacheka, akafumba tena. Akavutwa tena. Dastan, mdogo wake Joviana, akisinzia, alifinywa mguu. Alfajiri mama yao Avelina alimkuta binti ameketi kitandani, anasikiliza wenzake wakipumua. Tuliwaambia majirani kwamba siku hizi nyumba yetu ina askari. Wakacheka, nasi tukacheka.

Mwezi wa kumi Tata akaanguka kibanjani, panga mkononi. Presha. Daktari akampa dawa, akatuambia kwa mkazo kwamba mzee huyu lazima alale kila mchana, la sivyo ataanguka tena na huenda asiinuke. Tulirudi na agizo hilo nyumbani, na mlangoni alikuwa amesimama askari wetu.

Hapo kicheko kikaisha. Tukimfungia mtoto nje, alipiga mayowe mpaka Tata mwenyewe akatoka kumbembeleza. Tukimwacha ndani, Tata hakulala. Nilimwona baba yangu anakonda, na mtoto anakonda, nikawaogopea wote wawili kwa pamoja na sikujua nimshike yupi.

Majilio yakafika. Tulileta udongo chini ya migomba kama kawaida, kwa kuwa tusingethubutu kuacha. Joviana alifinyanga Mtoto Yesu. Akamketisha. Avelina akamlaza horini taratibu. Joviana akamketisha tena, akamwegemeza kwenye jiwe asianguke.

"Mtoto mchanga hulala, mwanangu," Avelina akamwambia.

"Asilale. Akilala hataamka."

"Nani kakwambia?"

Alimkandamiza Mtoto Yesu jiweni kwa kidole. Kisha akasema, "Mimi nilifunua."

"Ulifunua nini?"

"Sufuria ya Bibi. Nilitaka kuona tu. Keki ikalala. Nikaenda kumwambia Bibi, na Bibi naye kalala."

Mama, mwaka mzima! Mtoto mdogo vile amebeba kifo chako mgongoni, na sisi tunamwita askari. Pastory alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mimi nilimpakata Joviana, nikamweleza habari za moyo na ugonjwa, kwamba keki haiui mtu, kwamba Mungu ndiye aliyekuita. Aliitikia kwa kichwa kila nilichosema, maana kalelewa vizuri. Chakula cha mchana kilipoisha, akaenda kumlinda Babu.

"Maneno ndiyo yaliyomharibu," Tata akasema. "Hayatamponya. Tutaoka keki, na tutaifunua kabla ya wakati wake. Aione imelala na watu wapo."

Nilikataa. Nilikataa kwa sauti ambayo usingeipenda.

"Tata, waitu, tafadhali, subiri kwanza upate nafuu. Je, kama siku hiyo hiyo..."

"Kama nikifa?"

"Usiseme!"

"Unayesema ni wewe, Deodatha. Mimi naomba unga."

"Ukituacha siku hiyo, nani atamtoa mtoto huyu neno hilo kichwani? Nani?"

"Na nikiwaacha kesho bila kuoka, litakuwa limetoka?" akaniuliza. Nikaenda kuutafuta unga. Unamjua, hana kelele, lakini akishaamua, umwache.

Tulioka Jumamosi iliyopita. Avelina alibabua jani, Pastory akaponda ndizi, nami nilitia beking pauda, macho kwa Tata, hadi nyingine ikamwagika. Tata aliketi kwenye kigoda chako. Harufu ilipoanza kutoka, akamwita Joviana.

"Funua."

Mtoto akashika sketi ya mama yake kwa mikono miwili.

"Basi nitafunua mimi." Akainua mfuniko pamoja na makaa yake. Keki ilikuwa imepanda vizuri, ya kupendeza, kisha mbele ya macho yetu ikanywea katikati.

"Imelala," Joviana akanong'ona.

"Imelala," Tata akakubali. "Na mimi naenda kulala. Ukitaka, njoo uangalie."

Akaenda kwenye benchi, akajinyoosha, akafumba macho. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa uani, na sisi watu wazima na mvi zetu tulisimama tukiogopa benchi la mbao. Pastory alishika shoka bila kupasua kuni. Avelina alianza Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya. Mimi nilitazama kifua cha baba yangu. Kilipanda. Kikashuka. Kikachelewa kupanda. Yote niliyowahi kukuomba ulipokuwa hai, ukiyajumlisha, hayafikii nilivyokuomba pale: usimwite, Mama. Leo usimwite.

Joviana alichuchumaa karibu na kichwa cha Babu, kiganja mbele ya pua yake. Alikuwa analia bila sauti. Lakini sikio hakulivuta.

Halafu Tata akakoroma. Unaukumbuka mkoromo ule, wewe uliyeushtaki mpaka kwa paroko. Kuku waliokuwa chini ya benchi walihama. Joviana akatugeukia kwa mshangao.

"Kalala, na anapiga kelele," akasema.

"Ndiyo kulala huko, mama," Pastory akamjibu, akaweka shoka chini.

Alikaa pale pale mpaka Babu alipoamka mwenyewe na kuuliza kama tumemmalizia keki. Hatukuwa tumeigusa. Tulikuwa tumeirudishia makaa ikaiva kwa shida, ngumu pembeni na mbichimbichi katikati. Wewe ungeificha wageni wasiione. Sisi tuliila yote, na Joviana akalamba jani.

Tangu siku hiyo Babu anaruhusiwa kulala. Mtoto bado anamfuata, anapeleka kiganja puani mara moja, akiridhika anakwenda kucheza. Mtoto Yesu bado ameketi pangoni, na katekista tumemwomba asiseme kitu.

Lakini sisi wakubwa, Mama, hofu haijatutoka. Daktari hajasema Tata amepona. Amesema tumtunze. Noeli ni keshokutwa, na kila mchana benchi lile likinyamaza, ni mimi ninayeacha sufuria jikoni na kunyata hadi mlangoni kuchungulia. Namwogopea baba yangu kama mtoto yeyote. Ila namwogopea zaidi Joviana. Tata akituacha msimu huu, hata kwa ugonjwa wenye jina lake na vyeti vyake, yule mtoto hatatusikiliza. Ataikumbuka keki ya Jumamosi, na hatutampata tena.

Ulipendana na mzee huyu miaka mingi, na ninajua huko uliko unamngoja. Ninajua pia kwamba ukimwita, hata kwa kukohoa tu, atakuja, kwa sababu hajawahi kukukatalia. Ndiyo maana tunakuandikia wewe, si yeye.

Wanaokukumbuka ni mumeo Rwezaura, ambaye ninapoandika haya yuko kwenye benchi na, namshukuru Mungu, nasikia kelele zake. Mimi mwanao Deodatha, niliyebaki hapa kumtunza Tata, na familia yangu iliyoko Igurwa. Pastory na mkewe Avelina. Restuta wa Songambele na mumewe Eliud. Wajukuu zako Joviana, Dastan, Vero na wenzao wote. Majirani na wanajumuiya. Misa ya kukuombea itakuwa kigangoni kesho asubuhi, kisha tutakula pamoja nyumbani, na wajukuu wataleta nyota walizosuka.

Tutakukumbuka daima, Mama. Wewe, tafadhali, msahau Tata kidogo.