Diski Nane za Kaka Tilek

Naryn, tarehe 9 Machi

Kwa kaka yangu Tilek,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Begimai na watoto, na kwamba duka lako la vifaa vya kompyuta linaendelea. Mimi mwili haujambo. Baridi ya huku bado inauma hadi kwenye mfupa, na Shangazi Toktobubu, niliyempelekea maziwa jana, anakohoa, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Hayo ndiyo ya heri. Yaliyobaki hayana heri, na sikupigii simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Ujumbe wako nimeupata. Unaniamuru, maana kuomba hukujua tangu utotoni, nije na ule wimbo wa maombolezo Mama aliomlilia Baba, uliorekodiwa na nyumba ya kumbukumbu ninakofanya kazi, ili ukoo mzima uusikie kwenye karamu ya kutimia mwaka tangu Mama atutoke. Mara tatu umeuliza, na mara tatu nimekujibu kwamba nautafuta. Nasikia pia kwamba huko Bishkek unawaambia watu kazi yetu iliharibiwa na mzee mmoja asiyejua kompyuta. Basi kwanza nikukumbushe wewe ulivyofanya.

Vuli ya mwaka juzi tulikuwa tukihamisha sauti kutoka kwenye kanda za zamani, nyimbo za vikongwe na visa vya wachungaji. Kanda zilikuwa zinabanduka utando wenye sauti. Nyingi ukizicheza mara moja hazichezeki tena. Kila kitu kilikuwa kinaingia kwenye kabati moja la kompyuta lenye diski nane. Mkuu wetu, Bi Anarkul, alituita tuchague diski. Mzee Sagynbek, aliyezirekodi sauti hizo kwa miaka arobaini akipanda malishoni kwa farasi, alitaka zile zinazotengenezwa kwa ajili ya seva. Wewe ulikuwa umekwisha kuleta nane za kompyuta za mezani, zimepangwa juu ya meza kama mikate.

Mzee alieleza polepole, kama anavyoeleza kila kitu. Alisema: “Diski ya mezani imezoea kuishi peke yake. Ikikuta doa bovu hung'ang'ana nalo dakika nzima, hata mbili, kwa sababu haina wa kuisaidia. Humu zinakaa nane, na msimamizi wao, ile programu ya kabati, hana subira. Ikinyamaza sekunde chache tu, anaihesabu maiti na kuitoa. Ile ya seva husema upesi kwamba imeshindwa, wenzake wakajaza pengo, kazi ikaendelea.”

Nawe ukamjibu mbele ya watu wote: “Mzee wangu, diski ni diski. Tofauti yake ni karatasi iliyobandikwa juu. Wewe zungumza na farasi wako.”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Bi Anarkul akaamua kwamba mimi, fundi wa kabati, nizijaribu diski zako wiki mbili kisha niandike kama zinafaa. Niliandika kwamba zinafaa.

Mwaka mmoja na miezi miwili zilikwenda vizuri. Januari hii, Jumanne asubuhi, diski moja ikatolewa kwenye kundi. Niliweka mpya, na zile saba zikaanza kuijengea upya yaliyokuwemo, zikisomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Jumatano baada ya chakula cha mchana, nyingine ikakwama kwenye doa, ikanyamaza, nayo ikatolewa. Kabati letu lilikuwa na uwezo wa kuvumilia kukosa diski moja, si mbili. Nakala ya pili ilikuwa bado ni mpango wa masika. Mafundi wa Almaty walihangaika nazo mwezi mzima, wakaturudishia vipande, na vipande vya vipande.

Wewe ulikuja na gari lako na sanduku la tufaha kwa Bi Anarkul. Hukuuliza ni sauti za nani zilizopotea. Ulisema umeambiwa Mzee Sagynbek alilisogeza kabati Desemba, kwamba mtikisiko ndio uliozidhuru, na kwamba kwa umri wake si haki kumwachia vitu vya namna hiyo. Ni kweli alilisogeza. Lilikuwa limezimwa, na upande wa pili nilishika mimi. Bi Anarkul alinigeukia nithibitishe au nikanushe. Nilitazama tufaha.

Wiki ile ile mzee aliambiwa akapumzike nyumbani. Alivifunga vipokea sauti vyake vya masikioni ndani ya skafu, akaaga kila mtu kwa jina, mimi akanipita. Wewe ulikuwa jikoni unakunywa chai yetu, ukasema, “Afadhali, sasa mtafanya kazi na watu wa zama hizi.” Kaka, nimekujua maisha yangu yote, na siku hiyo nilikuchukia.

Lakini nimekuwa nikikuchukia kwa sehemu yako na ya kwangu pamoja, na hiyo ya kwangu sasa naichukua.

Katika wiki ya pili ya majaribio yale, diski yako moja ilikwama. Nilisimama mbele ya kabati na saa mkononi: dakika moja na sekunde arobaini. Kabati likaitoa, kama mzee alivyosema. Niliichomoa, nikafuta yote yaliyokuwemo, nikairudisha, ikakubali. Nikaandika kwamba zote nane zimefaulu. Wewe hukujua, na hiyo ni dhambi moja nisiyoweza kukubandikia. Wala usidhani nilikuwa nakulinda. Yule mzee alikuwa amenisahihisha mbele za watu mara nyingi mno, na kila mara alikuwa sahihi. Nilitaka akosee, mara moja tu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Alifungua mlango, akanisikiliza hadi mwisho nikiwa nimesimama kwenye theluji. Kisha akasema, “Binti, kwangu huingii. Mimi nilifukuzwa mbele ya watu. Kayaseme mbele ya watu hao hao.” Akafunga.

Jumatatu niliyasema. Nilisema kuhusu jaribio, na kuhusu kabati tulilolibeba wawili, na kuhusu yale maneno ya mtikisiko, kwamba uliyatunga wewe. Bi Anarkul alinitaka niyaandike na kutia sahihi. Jina lako limo. Funguo za chumba nimenyang'anywa. Mzee ameitwa arudi, na hadi leo hajajibu.

Sasa wimbo wa Mama. Haupo, Tilek. Nimejua tangu Februari. Kanda yake ilibanduka siku tulipoihamisha, na wimbo ulibaki kwenye diski zako tu. Watu wa Almaty wamerudisha sekunde kumi na moja za mwanzo: Mama anakohoa, kiti kinalia, na Mzee Sagynbek anamuuliza kwa upole kama yuko tayari. Hapo panakatika. Nitakuja na hizo, na nitaueleza ukoo mimi mwenyewe kwa nini hakuna zaidi. Usinipokee kituoni, nitatembea.

Msalimie wifi Begimai, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, bado hajui lolote, na usimwambie kabla yangu.

Ni mimi, mdogo wako, maana hilo hatuna uwezo wa kulibadilisha,

Burulai