Neema Anaongea Kama Mghoi

Jumanne, 13 Julai 2021

Nimetoka kliniki Seven Hills, nimevua sare mlangoni, nimenawa mpaka viwiko. Hakuna aliyekuja kunipokea. Baba Neema anatafuta funguo aende zamu yake ya ghala, Ingleburn. Neema yuko sebuleni na tableti, anasomewa hadithi kwa video na Auntie yake, mdogo wangu Mghoi. Huku kwa kangaruu ni jioni, kule Glasgow, Uskoti, ni asubuhi, Mghoi ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kila siku hivi tangu tufungiwe ndani kwa Korona. Nilimshukuru. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa, 16 Julai

Sikuwa kazini, nikasikia darasa la Neema la mtandaoni. Mwalimu kaita majina, Neema kajibu "Aye!", ndiyo ya watu wa Glasgow. Darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza kama baba yake ni Mskoti. Baba yake ni Mtaita wa Wundanyi, mweusi kama chungu. Nilicheka pia. Halafu nikaacha kucheka. Miaka sita nimemlea mimi. Mghoi amepata wiki tatu tu, tayari yuko mdomoni mwa mwanangu.

Jumapili, 18 Julai

Ibada ya Zoom, kisha simu ya Mama kutoka nyumbani. Neema akamsalimia kwa Kiingereza, Mama akafurahi. "Huyu namwelewa, kama Mghoi. Wewe siku hizi waongea kama umebanwa pua." Wakacheka wote.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Mimi na Mghoi tulifunzwa Kiingereza shule moja, Wundanyi, na mwalimu mmoja. R zetu zilinguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Yeye akaenda kwa watu wanaoizungusha kama sisi, akabaki nayo. Huku wanaimeza. Nilipoanza kupokea simu za kliniki niliambiwa rudia, rudia. Mama mmoja akaomba apewe mtu anayejua Kiingereza. Nikaimeza na mimi. Mzee fulani mgonjwa wetu alinieleza kwamba Kiingereza cha huku kilizaliwa vinywani mwa watoto wa Wazungu wa kwanza waliokuja na meli. Wazazi walibaki na cha kwao. Nami niliridhika Neema awe wa huku, kama watoto wote wa mtaa wetu, Toongabbie. Lakini awe wa Mghoi? Hapana.

Jumanne, 20 Julai

Nimedanganya. Nimemwambia Mghoi mtandao wetu umeharibika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamsomea Neema mwenyewe, kwa ustadi wangu wote. Alisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Mwisho akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini namsomea kwa sauti ya simu. Sauti gani ya simu? Ile ya kliniki, akasema. Ile yako ya watu.

Nikazima taa. Nina hasira na kila mtu.

Alhamisi, 22 Julai

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mghoi.

"Dada, hiyo Wi-Fi imeshikwa na Korona ama? Kama nimekukosea, niambie tu. Wazee wawili wametuacha this week. Nikitoka shift nisipomsomea huyo mtoto, silali."

Nimeusikiliza tena na tena. Nilidhani namnyima burudani, kumbe usingizi. Aibu. Wivu bado upo, haujaenda popote. Nimemjibu kwamba mtandao umerudi.

Jumapili, 25 Julai

Mvua. Neema kwenye kochi, mimi kando yake. Mghoi alikuwa amechoka, sauti imemkauka, akaniomba nimalizie ukurasa.

Niliiacha sauti ya kliniki. Nikasoma kama tulivyosoma Wundanyi. Mdomo ulisita mwanzoni, kisha r zikaja, moja moja, halafu zote. Kule kwake Mghoi alifumba macho.

Neema akanigeukia, kinywa wazi. Amefurahi kweli. Akasema namwiga Auntie vizuri sana.

Mghoi akafumbua macho, akataka kusema kitu. Nikamtikisia kichwa. Nikafungua ukurasa unaofuata.