Jina la Ursula kwenye fomu ya Kanada

Shangazi Kornelia, shikamoo. Naomba unisaidie na usinitaje jina, maana huku Bonga gazeti moja linasomwa na nyumba tano, nami jambo hili nimelibeba miaka kumi na mitatu na sasa limenielemea.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, nikafukuzwa shule, na kwa kuwa kwetu msichana kuzalia nyumbani ni aibu ya ukoo mzima, mama alinificha kwa ndugu yake kijijini Mutuka mpaka nikajifungua, kisha akasema mtoto ni kitinda mimba wake, akamwandikisha cheti cha kuzaliwa kwa jina lake, na Ursula akakua akiniita dada. Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa alikuja Heriel kwenye mradi wa maji, Mmachame aliyesomea Kanada akachukua uraia wa huko, tukafunga ndoa kanisani, tuna Jovin na Clara, na ni mume mwema, Shangazi, Ursula humwita shemeji na kumtania kwamba ugali wake una madonge, na kila akitamka shemeji mimi natafuta cha kufanya jikoni.

Sasa mkataba wake umeisha na tunahamia Kanada familia nzima, na fomu inasema taja watoto wako wote, hata wasiosafiri. Nimeandika Jovin na Clara, Ursula nimemweka pale wanapotaka ndugu zako, na kila mahali nimejaza kwa wino ila jina lake nimeliandika kwa penseli, sijui kwa nini. Juzi alinikuta mezani akauliza, “Dada, mimi niko ukurasa gani?” nikamtuma chumvi dukani, na chumvi ilikuwepo. Mama anasema nikifungua mdomo nitavunja ndoa na kumwaibisha uzeeni, fomu inatumwa mwisho wa mwezi ujao, je, nisubiri nije nimwombee kibali cha kuhamia baadaye kama mdogo wangu?

Mama wa wawili, Bonga

Marahaba, mama wa watatu. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo hizo nyumba tano zisome tu.

Pole sana. Ulikuwa mtoto, watu wazima wakakuamulia, na mama yako alifanya alichokijua ili usidharauliwe. Simlaumu, mjukuu wake kamlea. Lakini sasa unakaribia thelathini, na uongo huu wa pili unauandika kwa mkono wako mwenyewe. Hapo nakugombeza.

Nimemuuliza mwanasheria wa mambo ya uhamiaji. Mtoto uliyemficha kwenye fomu huenda usiruhusiwe kumwombea tena, na ukigundulika hata safari ya hao wengine inaweza kuharibika. Habari ya mdogo wako isahau.

Mwambie Heriel wiki hii, watoto wakiwa shule, na usimzungushe. Anza na “Ursula nimemzaa mimi.” Atakasirika, na ana haki, maana umemwacha miaka yote amwite mwanao shemeji mbele yako. Usijifiche nyuma ya mama yako. Mimi namwona ni mtu atakayerudi mezani mkaongea, ingawa hilo siwezi kukuahidi. Akighairi safari, utabaki Bonga na watoto wako watatu, na utalala usingizi.

Halafu nenda na mama yako ofisi ya vizazi na vifo mkaulizie namna ya kurekebisha cheti. Yeye ndiye aliyekiandikisha, bila yeye utazunguka sana, kwa hiyo mbembeleze. Ursula umwambie wewe, kabla hajasikia kwa jirani, na umuulize kama anataka kwenda au kubaki na bibi yake. Huenda akaendelea kukuita dada miezi mingi. Itika.

Kisha chukua kifutio na kalamu ya wino, ukae pale pale mezani. Akikuuliza tena yuko ukurasa gani, mwonyeshe kwa kidole.