Kuvumwani Kwenye Sweta la Gwakisa

Helsinki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye mpe shikamoo yake. Miguu yako imepata nafuu? Mvua imeiacha migomba imesimama? Mimi ni mzima wa mwili na masomo ya mimea yanaendelea, ingawa theluji imefunika mpaka madirisha ya chini. Ila kuna jambo limenipata. Lisome kwanza ukiwa peke yako.

Unakumbuka Mama alinifungia sweta la kaka Gwakisa kwa ajili ya baridi ya huku. Ni lile lililookotwa mtoni, karibu na mashamba ya chai, alipopotea mwaka ule kiwanda kilipopunguza wafanyakazi. Mlitafuta msituni hadi kwenye mianzi, hamkuona kitu. Watu wakasema amevuka mpaka pale Kasumulu, yuko Malawi anauza vitenge kama vijana wengine tangu biashara ilipofunguliwa. Mama akaamini, na bado anamwekea chakula.

Juzi nilikuwa nashona kiwiko cha sweta hilo. Ndani ya mshono nikakuta kishungi kikavu cha kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye miti na mawe. Nikakipeleka maabara, nikakilowesha. Baba, kilifunguka taratibu, kikawa kibichi kama kimechumwa asubuhi ile. Nilisikia harufu ya ukungu wa Mlima Rungwe, nikahisi Gwakisa amesimama nyuma yangu. Niligeuka kutazama.

Kwenye hadubini, ncha za majani yake zina vimeno vilivyopinda kurudi nyuma kama ndoana. Ndivyo kilivyong'ang'ania sufu. Jina lake la kitaalamu ni Antitrichia. Mwalimu wangu, bibi mmoja aliyepanda milima mingi ya kwetu, alikitazama akasema, "Hii huning'inia kwenye ile miti mifupi yenye majani kama sindano, juu kabisa, mawingu yanapokaa. Msituni chini huikuti."

"Kwa hiyo kaka yangu alifika huko juu?"

"Sweta lilifika. Mtu aliishia wapi, mmea hauwezi kutuambia."

Mlitafuta chini, Baba, na sweta lilishuka na maji kutoka juu. Tangu siku hiyo namsikia Gwakisa akipiga mluzi kwenye ngazi za hapa ninapoishi, kama alivyokuwa akifanya akirudi kutoka kiwandani. Sasa nimeacha kugeuka.

Naomba kiangazi kikifika, mjomba Asajile anayetundika mizinga mlimani awaongoze wanaume. Wapite mianzi, wafuate mto mpaka unapoanzia. Mama mwambie wewe, mimi maneno hayo siyawezi.

Nisalimie shangazi wa Msasani ya huko kwetu, yule fundi cherehani wetu, na wadogo zangu wote. Kwa shemeji Tupokigwe, mke wa Gwakisa, usitume mtu. Nenda mwenyewe, ukae naye, kabla hajasikia sokoni.

Mkimpata, msinisubiri. Mlazeni karibu na babu, nami nitakuja kutupa udongo wangu.

Ndimi binti yako,
Atupele